Kampani imeuzwa, nani atalipa dekonti? Sominki na radio trotuwari ya Maniema

Kuna habari moja isiyokufa katika Maniema. Gari geni likipita barabara ya Kalima, ndani yake watu wawili watatu wenye makoti ya kazi, jioni yake Kindu yote inasema: Sominki inarudi. Kesho yake habari imeota mkia: wamekuja na dekonti finali, majina yako Bukavu. Keshokutwa anatokea mtu na daftari, anaomba franka kidogo ili jina la baba lisisahauliwe. Mpaka habari ifike huku kwetu Tunda, kampani imeshafunguliwa, mishahara imeshapangwa, kilichobaki ni kwenda kujiandikisha.

Vijana huwacheka wazee wanaoamini mambo hayo. Mimi naona kicheko hicho hakina haki. Kampani ya migodi ya Maniema iliuzwa, ikavunjwa, ikapewa jina jipya, ikafutwa, ikagawanywa, na mara nyingi habari ya barabarani ilimfikia mfanyakazi kabla ya barua yoyote ya ofisi. Mtu aliyeishi hivyo hawezi kulaumiwa kwa kutega sikio barabarani. Afadhali tuulize habari hizo zilizaliwaje, na zilimfanya mtu afanye nini.

Tuanze mbali kidogo. Baron Empain wa Ubelgiji alianzisha kampani ya reli, CFL, mwaka 1902, na kufikia 1911 treni ilikuwa inatoka Kindu hadi Kongolo, ile njia inayopita Kibombo. Baada ya reli yakaja madini. Mwaka 1932 iliundwa Symétain, kampani ya bati ya Kalima na Punia, na Cobelmin ikawa na machimbo yake upande wa Kampene. Wajapani walipokamata Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, bati la Asia likakosekana kwa Waingereza na Wamarekani, na watu wa Maniema wakasukumwa kuchimba zaidi na zaidi. Hayo ni mambo ya babu zetu, na yanastahili makala yake.

Mwaka 1976 kampani tisa za namna hiyo ziliunganishwa kuwa moja: Société Minière et Industrielle du Kivu, kwa kifupi Sominki. Serikali ya Zaire ilishika asilimia 28, na wenye hisa binafsi, kundi la Empain likiwa mbele, wakashika 72. Ilikuwa na hati 47 za machimbo. Jina lake linataja Kivu peke yake kwa sababu Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu. Sisi tulipata jimbo letu mwaka 1988 tu.

Kwa kijana wa leo Sominki ni jina kwenye ukuta uliobomoka. Kwa mfanyakazi ilikuwa karibu sawa na serikali. Nyumba aliyolala ilikuwa ya kampi ya kampani. Mtoto alisoma shule ya kampani, mke alizalia hospitali ya kampani, taa ya Kalima iliwaka kwa maji ya Lutshurukuru kwa sababu kampani ilijenga mtambo pale. Posho ilitoka kampani. Barabara na madaraja vilitunzwa kwa sababu malori ya kampani yalipaswa kupita. Kwa hiyo tunaposema mtu “alipoteza kazi” tunasema kidogo sana. Alipoteza mshahara, daktari, mwalimu, taa na barabara kwa wakati mmoja, na nyumba aliyoketi ndani yake haikuwa yake. Ndiyo maana hakuweza kusema kwa urahisi, basi, nitatafuta kwingine. Kuondoka kampi kulifanana na kusema kwamba hudai tena kitu.

Anguko lenyewe lilianzia London. Kulikuwa na Baraza la Kimataifa la Bati, lililoundwa na nchi zinazouza na zinazonunua, na kazi yake ilikuwa kununua bati linapozidi sokoni ili bei isishuke. Tarehe 24 Oktoba 1985 pesa zilimwishia mnunuzi huyo mkubwa. Soko la metali la London lilisimamisha biashara ya bati siku hiyo hiyo, na halikuifungua tena hadi mwaka 1989. Bei, iliyokuwa zaidi ya pauni 8,000 kwa tani, miezi michache baadaye ilikuwa imebaki nusu.

Ni nani Kalima aliyesikia habari ya Baraza hilo? Walichoona wafanyakazi ni mashine zinazonyamaza, vipuri visivyofika, mshahara unaochelewa. Kukimya kwa wakubwa kukajazwa na maelezo ya watu: bati limeisha ardhini, wazungu wamepata mgodi mwingine wanatuficha, mkubwa fulani amekula pesa. Lile la kwanza lilikuwa uongo mtupu, maana bati la Kalima linachimbwa mpaka leo. Lakini angalia jambo hili: sababu iliyosemwa barabarani haikuwa ya kweli, na matokeo yaliyosemwa barabarani yalikuwa ya kweli. Kazi ilikuwa inakufa kweli. Mtu aliyesikia “bati limeisha” akaanza kufyeka shamba la muhogo alikuwa mbele ya yule aliyengoja tangazo.

Kampani yenyewe ilijigeuza kidogo kidogo. Ilipunguza kazi ya mashine, ikawaacha watu wachimbe kwa mikono na kuiuzia. Upande wa dhahabu, sheria ya Novemba 1982 ilikuwa imeshafungua mlango kwa wachimbaji wa kawaida. Basi yule aliyekuwa na namba ya kazi, kofia na posho akajikuta anachimba mto ule ule kwa koleo lake mwenyewe na kupima kasiteriti mbele ya mezani. Hapo mpaka kati ya mfanyakazi na aliyeachishwa ukafutika. Wengi hawakuambiwa siku gani waliacha kuwa watu wa Sominki. Nasema hili kwa sababu ugomvi wote wa dekonti finali unasimama juu yake: ukihesabu miaka ya kazi ya mtu, unaishia wapi?

Halafu kuna pesa yenyewe. Wengi wanasimulia dekonti kama mfuko uliofungwa unaongoja mwenyewe, na mfuko huo ungekuwepo, ungekuwa umeoza. Mwezi wa kumi 1993 serikali ya Mobutu ilitoa zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja franka kongole, moja kwa zaire mpya 100,000. Fanya hesabu: franka moja ni sawa na zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyedai zaire milioni 30 mwaka 1992, akalipwa kwa hesabu hiyo mwaka 1998, asingepata hata sehemu ya kununulia njiti moja ya kiberiti. Kwa hiyo anayesema “dekonti imefika” bila kusema imehesabiwa kwa pesa gani na kwa bei ya mwaka gani, bado hajasema kitu.

Sasa tufike kwenye kuuzwa. Mwaka 1996, vita vikiwa vinawaka Kivu, kampani ya Toronto, nchi ya Kanada, jina lake Banro, pamoja na washirika wake ilinunua zile asilimia 72 za wenye hisa binafsi. Banro ilikuwa kampani ya wawekezaji wanaotafuta dhahabu. Kwa mchimba bati wa Kalima au Punia hilo ndilo neno la kukumbuka kuliko yote: mwenye mali mpya alikuwa anatazama Twangiza, Kamituga na Lugushwa kule Kivu Kusini, na kwetu alitazama Namoya, katika teritware ya Kabambare.

Tazama tarehe. Tarehe 13 Februari 1997 mkataba mpya ulitiwa saini Kinshasa kati ya Banro na serikali ya Zaire. Mwishoni mwa mwezi ule ule AFDL iliingia Kindu. Mwezi wa tatu Sominki iliwekwa katika likidasheni, yaani ilitangazwa kuwa maiti inayohesabiwa mali na madeni. Mwezi wa tano ikazaliwa mrithi wake, Sakima, asilimia 93 za Banro na 7 za serikali, na tarehe 17 ya mwezi huo Kinshasa nayo ikaanguka. Sakima maana yake ni Société Aurifère du Kivu et du Maniema: kampani ya dhahabu. Mtu wa bati alirithiwa na kampani ambayo jina lake halimtaji.

Na nani angemweleza? Sendika ilikuwa na delege wake, lakini delege mwenyewe alikuwa anakimbia vita kama wengine. Ofisi za Kinshasa zilikuwa ng'ambo ya mstari wa mapigano, za Toronto ng'ambo ya bahari. Jina la Banro liliwafikia wengi likiwa limeshageuka mara kumi mdomoni mwa watu.

Mwaka mmoja baadaye mambo yalizidi kufungamana. Mwishoni mwa mwezi wa saba 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila alifuta mkataba wa Banro na kuunda kampani nyingine ya serikali, Somico. Siku chache tu baadaye, tarehe 2 Agosti, vita vya pili vilianza, na mwezi wa kumi Kindu ilikuwa mikononi mwa RCD. Fikiria mfanyakazi wa Kalima wakati huo. Sominki ni maiti inayohesabiwa. Sakima imefutwa na Kinshasa, lakini Kinshasa haitawali Kalima. Somico ina amri ya rais, lakini haiwezi kupita mstari wa mbele. Ampelekee nani barua?

Kulikuwa na mali moja ambayo macho yote yaliitazama: mzigo wa kasiteriti na koltani uliobaki katika stoo za Sominki. Watu walisema mzigo ule ukiuzwa, madeni ya wafanyakazi yatalipwa. Haikuwa ndoto ya mlevi. Kisheria mali ya maiti ndiyo inayolipa wadai wake. Mwezi wa nne 2001 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kati ya Novemba 1998 na Aprili 1999 majeshi ya Rwanda na RCD yaliondoa katika eneo la Sominki kati ya tani 2,000 na 3,000 za kasiteriti, na kati ya tani 1,000 na 1,500 za koltani, zikapelekwa Kigali. Waliokuwa Kalima hawakuhitaji ripoti. Waliona ndege. Radio trotuwari ilikuwa imesema wanabeba, na walikuwa wanabeba.

Banro ilikwenda kushtaki serikali yetu mbele ya mahakama ya usuluhishi mjini Washington, kisha katika mahakama ya Marekani ikidai dola bilioni moja. Mwezi wa nne 2002 pande mbili zilipatana. Dhahabu ilibaki kwa Banro: Twangiza, Kamituga, Lugushwa, Namoya. Hati za bati zikabaki kwa Sakima, ambayo sasa ni ya serikali. Tangu hapo anayedai dekonti ya Sominki anatupwa kama mpira: Banro ni mwenye dhahabu, Sakima ni mwenye bati, likidasheni ni ya zamani, serikali ni serikali. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipokuwa na nafasi ya kuandika wazi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, deni la mfanyakazi ni la nani, na kubandika karatasi hiyo Kalima, Punia, Kampene na Kamituga. Karatasi moja ya namna hiyo ingeua nusu ya uvumi tunaousikia hadi leo. Kwa kulinganisha, Gécamines kule Katanga iliwaondoa watu 10,655 mwaka 2003 na 2004 kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Walilalamika kwamba walipewa kidogo, na wana haki ya kulalamika, lakini angalau idadi yao inajulikana na kila mmoja alikuwa na hesabu ya kupinga. Mtu wa Sominki anapinga hewa.

Wengine watasema hayo ni ya zamani. Namoya si ya zamani. Dhahabu ya kwanza pale ilimwagwa mwishoni mwa 2013, na mgodi ulihesabiwa kuwa katika biashara kamili tangu mwezi wa kwanza 2016. Vijana wengi wa Maniema waliona hapo ajira yao ya kwanza yenye mkataba. Lakini Banro ilijenga kwa deni. Mwezi wa kumi na mbili 2017 iliomba ulinzi wa mahakama ya Ontario ili wadai wasiivunje, na mwezi wa tano 2018 mambo yalikwisha hivi: wadai wakubwa, Baiyin International ya China na Gramercy, ambayo ni kampani ya uwekezaji ya Marekani, waligeuza deni lao kuwa umiliki. Hisa za zamani zilifutwa, na kampani ikaondoka sokoni Toronto.

Nieleze kwa mfano wa sokoni, maana neno “uwekezaji” linawatisha watu bure. Mwenye duka amekopa kwa mwenye pesa, ameshindwa kulipa, mwenye pesa anachukua duka. Anayeuza kaunta anabaki pale pale, anaambiwa asubuhi kwamba bosi ni mwingine. Bosi huyo hakununua duka kwa kupenda kuuza chumvi. Alikuwa anatafuta pesa yake. Akiona duka linaendelea kumla, atalifunga au ataliuza kwa haraka kuliko yule aliyelijenga. Wafanyakazi wa Namoya hawakuhitaji shule kubwa kuelewa hilo, walihitaji kuelezwa tu. Hati za mahakama ziliandikwa kwa Kiingereza.

Na usalama ulikuwa umeshaharibika. Mai-Mai Malaika walikuwa wanauzunguka mgodi upande wa Salamabila, barabara ilishambuliwa, wafanyakazi walitekwa mwaka 2017 na tena mwaka 2019. Mwezi wa tisa 2019 Banro ilisimamisha kazi katika migodi yake yote. Hapo tukarudi kwenye neno tunalolijua vizuri: konje tekiniki. Kodi ya kazi ya Oktoba 2002 inatenganisha kusimamisha mkataba na kuuvunja. Aliyesimamishwa bado ana mkataba. Aliyevunjiwa ana haki ya hesabu yake ya mwisho. Mtu anayeambiwa “rudi nyumbani, tutakuita” bila karatasi hajui yuko upande gani, na huyo ndiye atakayeamini kila gari linalopita. Yuko pale pale alipokuwa baba yake mwaka 1990.

Watu waliishije, basi? Hapa sioni haja ya kusifu kupita kiasi, lakini kazi iliyofanywa na akina mama haijaandikwa ya kutosha. Mshahara ulipokauka, mpunga na muhogo ndivyo vilivyolisha kampi, na mashamba hayo mengi yalilimwa na wake wa watu wenye kofia za kampani, wakati waume bado wanakwenda ofisini kuulizia. Likelemba ya wanawake kumi, kila wiki mmoja anapokea, ilisomesha watoto kuliko ahadi yoyote. Barabara zilipooza na treni ikawa ya bahati, wanaume walichukua baiskeli wakasukuma mawese, mchele na chumvi siku nyingi kati ya Kindu na vijiji vya mbali. Wengine waliingia mashimoni, na bei ya koltani ilipopaa mwaka 2000 waliokuwa wanaijua miamba kwa sababu ya Sominki walikuwa mbele ya wote, mpaka bei iliposhuka tena mwaka uliofuata.

Waliopata taabu zaidi, kwa jinsi ninavyoona, ni wale waliokaa karibu sana na ofisi. Walibaki kampi mlango kwa mlango na jengo lililofungwa, kwa kuogopa kwamba siku ya kuita majina wasingekuwepo. Madhara ya habari ya “wanarudi” yalikuwa hapo. Hata ingekuwa kweli nusu, ilimwambia mtu jambo moja tu: ngoja. Habari ya “kampani inakufa”, hata iliposimuliwa na makosa matupu, ilimwambia: lima. Wazee wawili waliosikia redio hiyo hiyo, mmoja akashika jembe, mwingine akashika kiti.

Kuna jambo wale wa kiti walifanya vizuri, na watoto wao wasilidharau. Walitunza karatasi. Mtu mwenye daftari akija mlangoni kwako, muulize vitu ambavyo karatasi hizo zinavijua: kampani gani inalipa, Sominki, Sakima au Banro, nani ametia saini na tarehe gani, ni dola au franka, kwa hesabu ya mwaka upi, na kama kuna malipo, kwa nini wewe ndiye ulipe kwanza. Pensheni ni jambo jingine na halina uhusiano na dekonti. Hiyo inadaiwa kwenye ofisi ya CNSS, ambayo zamani iliitwa INSS, na inategemea michango iliyotangazwa na mwajiri, kwa hiyo kadi ya namba ya zamani na buletini za mshahara ndizo zinazoongea, hata kama mwenyewe amekufa na anayeuliza ni mjane.

Karatasi hizi ziko katika masanduku mengi ya jimbo hili, zimefungwa kwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya mchwa. Kwa mtu aliyeanza kazi akiwa kijana, kadi ya kwanza inasema Symétain au Cobelmin. Buletini zinasema Sominki. Namba ya kazi ni ile ile juu ya zote.